Kamera na Vumbi la Ndutu

Lami inakoma kwenye lango la Loduare. Kutoka Arusha hadi hapo, ukipita Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, kamera inaweza kukaa shingoni na vioo vya gari vikawa wazi, na kinachoingia ni upepo tu. Getini dereva anashuka na makaratasi yake kwenda kushughulikia ada za kuingia hifadhini, nyani wanazungukazunguka wakitafuta gari lililosahauliwa mlango, abiria wanakwenda msalani. Dereva wetu, mwenyeji wa Karatu, aliporudi hakugusia habari za simba wala faru. Aliniangalia mapajani akasema, "Dada, hiyo mashine yako ifunge. Huku mbele hatuulizani."

Ilikuwa Septemba, mwisho wa kiangazi. Nilikuwa nimeagizwa kupiga picha za kambi moja ya mahema karibu na Ziwa Ndutu: mahema yenyewe, meza za chakula, moto wa jioni, na wanyama wawili watatu wa kupamba kijitabu cha matangazo. Mimi ni mpiga picha wa Dar es Salaam. Riziki yangu iko kwenye harusi, send-off na mikutano ya maofisini, ambako kamera inasumbuliwa na jasho, soda iliyomwagika na lile povu la kupuliza ambalo vijana hulimimina wakati wa kukata keki. Vumbi la mjini nalijua, lakini hilo hukaa juu ya vitu likisubiri upite na kitambaa. La huku linaingia ndani.

Garini tulikuwa watatu: mimi, dereva, na mzee wa Kijerumani, mstaafu, aliyeanza kuja Serengeti tangu enzi za filamu. Kiswahili chake kinamtosha kuagiza chai na kulalamika. Mimi nilikuwa na begi la kamera la kisasa, lenye zipu mbili na sponji ndani. Yeye kamera yake aliivika foronya. Foronya ya kitandani, ya pamba, yenye maua. Lenzi inatokeza nje pale tu anapotaka kupiga, kisha anairudisha kama mtu anayemfunika mtoto. Baada ya kusafiri naye nimeona haina mpinzani: inafuliwa, ni nyepesi, na mkono unaingia bila kufungua chochote.

Barabara inapanda msituni kwanza. Kingo za kreta ya Ngorongoro ziko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hata kreta yenyewe hatukuiona. Tulisimama kwenye mnara wa Michael Grzimek, mpiga filamu wa Kijerumani aliyefariki Januari 1959 ndege yake ndogo ilipogongana na tumbusi. Yeye na baba yake, Bernhard, walikuwa wakihesabu wanyama kutoka angani na kuipiga filamu Serengeti. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960, baba akiwa peke yake. Mzee wetu alivua kofia, akasimama kidogo, akavaa kofia.

Pale kingoni ndipo nilipopata somo la kwanza la safari. Vumbi jekundu la kutoka getini lilikuwa tayari limekaa kwenye kioo cha mbele cha lenzi. Ukungu nao ukashuka juu yake. Ukichanganya viwili hivyo unapata tope, tabaka jembamba la tope, na mkono wa kila mpiga picha unakwenda wenyewe kwenye pindo la shati. Mzee alinishika kiwiko. Akanionyesha kipulizo chake, kile kijipira chenye mdomo mwembamba, akangoja tuteremke, jua litoke, tope likauke, ndipo akapuliza. Vumbi likaruka. Kilichobaki tulikipangusa kwa kitambaa laini. Utaratibu ni huohuo kila mahali: kwanza pumzi ya kipulizo, pili brashi, na kitambaa mwisho kabisa, wakati hakuna tena chembe ya kuburuza.

Upande wa magharibi wa milima dunia inabadilika rangi. Miti inapungua, nyasi zinakuwa njano, na vumbi linaacha wekundu na kuwa la kijivu, jepesi kama unga wa muhogo. Nyanda za kusini mwa Serengeti zimefunikwa na majivu ya volkano. Kerimasi na Ol Doinyo Lengai zilirusha majivu hayo kwa maelfu ya miaka, na upepo wa mashariki ukayasukuma hadi huku. Yakajenga udongo wenye chokaa na fosforasi nyingi, na chini yake tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hailipenyi. Ndiyo sababu nyasi ni fupi na upeo wa macho hauna mwisho. Nyumbu wanakuja kuzalia hapa kati ya Januari na Machi kwa ajili ya madini yaliyomo kwenye nyasi hizo. Lengai bado iko hai, na kishindo chake kikubwa cha karibuni kilikuwa mwaka 2007 na 2008. Kwa hiyo kinachoingia kwenye begi lako huku ni mlima uliosagika. Majivu ya volkano yana chembe za kioo na madini zenye kingo kali. Ukiziburuza juu ya lenzi, unasugua kioo kwa kioo.

Barabara kuelekea Oldupai ina mawimbi kama bati la paa. Gari linatetemeka mpaka meno, na mtetemo huo una kazi yake nyingine ambayo watu hawaitaji: unalegeza skrubu ndogo za lenzi. Mzee hubeba bisibisi ya fundi saa, na kila jioni huzipitia zile za nje, moja moja. Dereva naye ana elimu yake. Gari la mbele linapotokea anafunga vioo vyote na kufungulia feni ya gari mpaka mwisho. Nilidhani ni kwa sababu ya joto. Kumbe feni inajaza hewa ndani, na hewa iliyojaa ndani inasukuma nje kupitia matundu yote ya milango, vumbi likakosa pa kuingilia. Wageni wengi hufungua kidirisha cha nyuma peke yake wakidhani wanapata hewa safi. Gari linalotembea linaacha utupu nyuma yake, na utupu huo unalivuta vumbi la matairi yako mwenyewe na kulirudisha ndani kupitia dirisha hilohilo. Halafu juu ya mabegi dereva alitandika khanga iliyoloweshwa na kukamuliwa. Nilitaka kukataa, maana maji na kamera havipatani, lakini khanga ilikuwa juu ya begi, haikugusa kamera, na tulipofika Ndutu ilikuwa imegeuka rangi kabisa. Lile vumbi lote lingekuwa kwenye zipu zangu.

Lenzi ya mzee ndiyo iliyonifanya niwaze zaidi. Ni ya zumu ya zamani, ya kusukuma na kuvuta: ukitaka kumkaribisha mnyama unasukuma pipa lote la mbele, ukitaka kumrudisha unavuta. Canon walitoa lenzi ya namna hiyo, ya milimita 100 hadi 400, mwaka 1998, na wapiga picha wa wanyama waliipenda kwa kasi yake huku wakiibandika jina la bomba la vumbi. Jina hilo halina uonevu mwingi. Pipa linaporefuka, nafasi ya ndani inaongezeka, na lazima hewa iingie kuijaza. Likifupishwa, hewa inatoka. Lenzi inapumua, na hewa yenyewe ikiwa na vumbi, kila pumzi inaacha kitu. Zumu za kuzungusha zinazorefuka zinapumua vilevile, taratibu zaidi. Mipira ya kuziba ambayo watengenezaji wanaisifia inazuia matone ya mvua na chembe kubwa, lakini hakuna mpira unaoweza kuzuia hewa isiingie kwenye kitu kinachotanuka. Ungezuia, pipa lisingesogea. Lenzi zisizorefuka, zile ambazo vioo vinasogea ndani kwa ndani, ndizo zenye nafuu, na ni nzito na ghali. Mzee ya kwake alikuwa anaijua. Kukiwa na kivumbi, anaiacha kwenye urefu mmoja, haigusi, hata simba akimkaribia kiasi cha kujaza picha masikio tu.

Kwenye njia panda ya Oldupai yamesimamishwa mafuvu mawili makubwa ya binadamu wa kale, na watalii wote wanapiga picha hapo, mafuvu nyuma, vumbi mbele. Habari iliyonivutia mimi ni ya mpiga filamu. Mwaka 1959 watafiti Louis na Mary Leakey walikuwa wamepanga kuanza kuchimba, wakasubiri kwanza mpiga filamu Des Bartlett afike ili kazi irekodiwe tangu mwanzo kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Armand na Michaela Denis. Tarehe 17 Julai, wakati wa kusubiri huo, Louis akiwa amelala kambini na homa, Mary alikwenda kutembea na mbwa wake akaliona fuvu la Zinjanthropus limechungulia ardhini. Bartlett alifika akakuta jambo la kupiga filamu ambalo hakuna aliyelipanga. Nilisimama ukingoni mwa korongo, upepo ukivuma kutoka chini na mashuka ya vumbi, nikamfikiria huyo bwana akifungua kamera yake ya filamu hapo.

Maana wa filamu walikuwa na tabu yao. Kubadilisha filamu kulifanywa ndani ya mfuko mweusi wenye mikono miwili, kwa kupapasa, na chembe moja ya mchanga iliyoingia kwenye njia ya filamu ilichora mstari mrefu kutoka mwanzo wa mkanda hadi mwisho. Uchafu ukikwama kwenye kidirisha kile kidogo ambapo filamu inapigwa mwanga, ulionekana kwenye kioo cha sinema kama unyoya unaocheza ukingoni. Ndiyo sababu mpaka leo wapiga filamu huwa na desturi ya kuchungulia kidirisha kila baada ya tukio. Walio na kamera za picha za mnato walikuwa na bahati. Kila picha ilipata kipande kipya cha filamu, na vumbi lililokaa juu yake liliondoka nalo. Kamera ya dijitali ina sensa moja tu. Chembe ikitua hapo leo asubuhi, itakuwa kwenye picha ya twiga, ya tembo, ya machweo, na ya bwana harusi Jumamosi ijayo, mahali palepale, mpaka mtu aiondoe.

Mbele kidogo ya Oldupai kuna mchanga unaohama. Ni kilima cheusi chenye umbo la mwezi mchanga, kimesimama peke yake kwenye uwanda uliokauka, na upepo unakisogeza mita 17 hivi kwa mwaka. Vimewekwa viguzo vya kuonyesha kilikuwa wapi miaka iliyopita. Wamaasai wanakiheshimu, na sisi tulitembea pembeni. Mchanga huo ni majivu ya Lengai yenye madini ya chuma, na chembe zake zinashikana. Ukirusha konzi hewani haitawanyiki kama mchanga wa ufukweni. Dereva aliniomba simu yangu, akaisogeza karibu na ardhi, upande wa spika. Alipoinyanyua, kwenye vitundu vya spika zilikuwa zimesimama nywele nyeusi, fupi, wima, kama ndevu za siku mbili. Sumaku ya spika ilikuwa imezivuta. Akacheka sana. Mimi sikucheka. Kamera za siku hizi zisizo na kioo cha kuakisi zimejaa sumaku: kuna mota za fokasi ndani ya lenzi, kuna sensa yenyewe inayoelea kwenye sumaku ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Begi halikufunguliwa pale. Picha za mchanga unaohama nilizonazo nilizipiga kwa simu hiyohiyo yenye ndevu, baada ya kuisafisha kwa utepe wa gundi.

Ndutu yenyewe Septemba ni kavu. Nyumbu wako mbali kaskazini, na waliobaki ni wenyeji: twiga, digidigi, simba wanaolala chini ya migunga wakisubiri kisichokuja. Ziwa la magadi lilikuwa limerudi nyuma na kuacha ukingo mweupe mpana. Upepo wa mchana unauinua ule weupe na kuutembeza hewani, na ukilamba midomo unasikia chumvi. Vumbi la magadi ni baya kuliko la majivu kwa namna yake. Likikutana na unyevu, hata wa kiganja, linachoma na kula chuma. Pete ya lenzi inayoungana na kamera nilikuwa naipangusa kila jioni kwa kitambaa kikavu.

Hugo van Lawick aliishi hapa. Alikuwa Mholanzi aliyezaliwa Surabaya, aliyekuja Afrika Mashariki kijana, akafanya kazi kwa akina Denis, kisha mwaka 1962 akatumwa Gombe kumpiga picha Jane Goodall na sokwe wake. Baadaye alihamia kwenye mahema Ndutu na kukaa miongo kadhaa, akipiga filamu za mbwa mwitu, fisi, chui na nyumbu, hadi karibu na kifo chake, Dar es Salaam, mwaka 2002. Sisi tunakuja siku chache na kulalamika. Yeye kamera zake zililala kwenye vumbi hili masika na kiangazi. Kwenye kambi tuliyofikia mhudumu mmoja mtu mzima alimkumbuka. Nilimuuliza alikuwa akizihifadhi vipi kamera. "Alikuwa na masanduku ya bati," akaniambia, "na hakuna aliyeruhusiwa kufagia hema lake akiwa amelifungua moja." Hilo la kufagia sikuwa nimelifikiria. Jioni ile niliomba hema langu lisifagiwe, wakafurahi.

Usiku, upepo ulipolala, tulikagua sensa. Njia ni rahisi na haina gharama. Mchana unaelekeza kamera kwenye anga jeupe, unafunga tundu la lenzi hadi f/22, unaacha fokasi ivurugike, unaitikisa kamera kidogo wakati wa kupiga. Kila kilicho angani kitafutika kwa mtikisiko. Kitakachobaki kimetulia ni kile kilichomo ndani ya kamera. Nilikuwa nimepiga picha hiyo saa kumi, na sasa tuliikuza kwenye kompyuta ya mzee. Madoa ya kijivu, duara, laini kingoni, yametawanyika kama ndui. Nilipoweka picha nyingine ya anga hilohilo kwa f/2.8, hakukuwa na kitu. Chembe haikai juu ya sensa hasa; inakaa juu ya kioo chembamba kilicho mbele yake. Tundu la lenzi likiwa wazi, mwanga unaipiga chembe kutoka pande nyingi na kivuli chake kinamezwa. Tundu likiwa dogo, mwanga unakuja umenyooka na kivuli kinatua kizima. Ndiyo maana mpiga picha wa harusi anaweza kukaa mwaka mzima na sensa chafu bila kujua, na wa mandhari akaliona doa siku ya kwanza.

Watengenezaji walilijua tatizo hili mapema. Olympus ndio waliotangulia, mwaka 2003, kwa kamera ya E-1 ambayo kioo chake cha mbele ya sensa kilitetemeshwa zaidi ya mara 30,000 kwa sekunde kila ilipowashwa, vumbi likadondoka. Siku hizi karibu kila kamera ina kitu cha namna hiyo. Kinaondoa vumbi kavu, jepesi. Lililolowa kidogo au lenye mafuta halitikisiki. Nyingine zinafunga shata kamera ikizimwa, ili mdomo ukiwa wazi sensa isionekane. Kinga kubwa kuliko zote bado ni ya mkono: kubadilisha lenzi injini ikiwa imezimwa, vioo vimefungwa, baada ya kungoja vumbi la gari litue, kamera ikiwa imezimwa na mdomo wake ukitazama chini. Mimi nilikwenda mbali zaidi. Kuanzia siku ya pili sikubadilisha lenzi kabisa nje ya hema, na picha zangu za tembo za mbali ni tembo wadogo.

Mzee alinishikia tochi, nikaigeuza kamera mdomo chini, nikapuliza kwa kipulizo kutoka chini kwenda juu, nguvu, bila ncha kuingia ndani. Usipulize kwa mdomo. Mate ni mabaya kuliko vumbi, yakikauka yanaganda. Kopo la hewa ya kusafishia kompyuta nalo linatema maji yake baridi. Kabla ya kupuliza tulijua doa kubwa liko wapi, kwa hesabu ambayo inawachanganya wengi. Picha inaangukia kwenye sensa kichwa chini. Doa lililo juu kushoto kwenye picha, ukichungulia ndani ya mdomo wa kamera utalikuta chini kushoto. Tulilikuta. Unyuzi wa pamba, mweupe, urefu wa kope ya mtoto, wa rangi ya foronya ya Mjerumani. Aliutazama, akanitazama, hakusema neno.

Lenzi yake tulipoimulika kwa tochi kutoka nyuma, ndani mlikuwa na nyota za usiku wa Ndutu zote. Chembe, nyuzi, hata kiguu cha mdudu. Nilishtuka kwa niaba yake. Yeye akaniletea picha alizopiga jioni ile, chui juu ya tawi, na kila unywele wa sharubu umekaa mahali pake. Vumbi lililo ndani ya lenzi liko mbali na mahali picha inapotengenezwa; linakula mwanga kidogo mno na halichori kivuli. Linajitokeza kwa hila mbili tu. Ukipiga kuelekea jua, picha inapauka, weusi unakuwa kijivu. Na taa au matone yanayong'aa nyuma ya mtu, yale yanayogeuka kuwa sarafu za mwanga, yataonyesha vidoa ndani ya sarafu. Kioo cha nyuma kabisa, kilicho karibu na sensa, ndicho cha kulindwa kwa wivu. Kile cha mbele kina uvumilivu usioaminika. Watu wanahangaika kinyume chake, wanabandika vichujio mbele na kuiacha nyuma wazi kwenye kiti cha gari.

Niliporudi Dar nilipeleka vitu vyangu kwa fundi wangu, mzee mmoja mwenye kibanda katikati ya jiji, aliyeanza kazi na Yashica na Zenit. "Shikamoo, fundi." "Marahaba. Umetoka kwenye majivu," akasema kabla sijafungua begi. Alipitisha kidole kwenye mshono wa zipu, akakisugua na gumba karibu na sikio, kama anasikiliza. Kwenye pete ya kamera alizikuta chembe nyeusi chache, nisijue zilipandaje, akazinyanyua kwa ncha ya utepe wa gundi. "Mchanga unaohama," akasema. "Huo unarudi nao kila mtu."

Nilimwomba aifungue zumu yangu. Nayo ilikuwa imepumua vya kutosha kule. Aliimulika, akaigeuza, akanirudishia. Ndani ya lenzi kama hiyo kuna vioo zaidi ya kumi, kila kimoja kimepangwa kwa kipimo kisichoonekana kwa jicho, na kikirudi kimepinda kidogo tu, upande mmoja wa picha unafifia maisha yake yote. Vumbi halikui, alisema. Hulala hapo lilipo. Anachokiogopa yeye ni ukungu wa lenzi, na mteja wa ukungu ni mtu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja. Unyevu wa hewa ya pwani unapita asilimia 70 mara nyingi; lenzi ikifungiwa kwenye begi la ngozi kabatini, gizani, bila hewa, inaota nyuzi kama za buibui, na nyuzi hizo zinatoa asidi inayokula rangi ya kinga ya kioo. Ikishakula, hakuna fundi. Alinionyesha moja. Ilikuwa nzuri kutazama, kama barafu kwenye dirisha la friza. Dawa ni mwanga, hewa, kuitumia lenzi, na vile vifuko vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye boksi la viatu. Ana debe lake la vifuko hivyo, anawaomba wenye maduka ya viatu.

Sensa aliisafisha. Alihakikisha betri imejaa, akatoa kijiti chenye kitambaa kwenye pakiti yake, upana milimita 24, sawa na urefu wa kusimama wa sensa yenyewe, akakidondoshea matone mawili ya spiriti ya kazi hiyo. Akakipitisha mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, akakigeuza, akarudi nacho, akakitupa. Hakukandamiza. Sensa inayoelea, alisema, unaigusa kama unampaka mgonjwa wanja. Akapiga ukuta mweupe kwa f/22, akaikuza picha. Akapitisha kijiti kingine. Akapiga tena.

Katikati palikuwa safi. Kona ya juu kulia yalibaki madoa mawili. Nikamwomba apitishe kijiti cha tatu.

"Sipitishi," akasema. "Hayo yameshika. Nikisugua nitaumiza kioo, halafu bei yake hutaipenda. Picha za harusi unapiga f ngapi?"

"Mbili nukta nane. Ikizidi sana, nne."

"Basi hutayaona. Ukienda tena porini ukapiga anga, yafute kwenye kompyuta."

Akafunika mdomo wa kamera, akaniandikia risiti, akamwita kijana aliyekuwa akisubiri nyuma yangu, aliyeleta droni iliyoanguka baharini Kigamboni, ameifukia kwenye mfuko wa mchele. Fundi alitazama mchele, akamuuliza ni wa Kyela au wa Mbeya.